UKURASA NI MLANGO WA OFISI

*(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni Afisa TEHAMA katika ofisi moja ya umma hapa Ilala, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la wajumbe wengi, hasa wale waliokaa nyuma ambako kipaza sauti hakikuwafikia.)*



Barua ya kamati iliniomba nieleze kazi yangu "kwa lugha ambayo hata wale waliosoma mkondo wa Sanaa wataielewa." Nami nimelipokea ombi hilo kwa mikono miwili, maana ukweli ni kwamba hata waliosoma mkondo wa Sayansi hawaielewi. Nikienda msibani au harusini, jamaa wakisikia kwamba nashughulika na kompyuta, huniletea simu zilizopasuka vioo na mashine za kuchapa zilizokwama karatasi. Mjomba wangu mmoja huniambia kila mwaka nimtazamie king'amuzi chake. Mimi, ndugu zangu, si fundi wa king'amuzi. Mimi natengeneza tovuti, na hasa natengeneza upande wake wa mbele. Leo nitaeleza maana yake, na kwa nini nadhani ni kazi inayowahusu ninyi nyote, hata asiyetaka kuifanya.

KAZI YENYEWE

Chukueni mfano wa duka la jumla pale Mtaa wa Kongo. Duka lina stoo nyuma na kaunta mbele. Stoo ndiko yaliko marobota, daftari la mali na sanduku la fedha. Kaunta ndiko mteja anakosimama, anakoulizia bei na anakopokea mzigo wake. Tovuti nayo iko hivyo hivyo. Nyuma kuna kumbukumbu: majina, namba, malipo, vibali. Mbele kuna kile ambacho macho yanakiona na kidole kinakigusa. Wenzangu wengine wanafanya kazi stoo. Mimi niko kaunta.

Kazi ya kaunta ina sehemu tatu, na kila sehemu ina lugha yake. Ya kwanza huitwa HTML, nayo hueleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kitufe. Ya pili huitwa CSS, nayo hueleza kila kitu kinaonekanaje: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Ya tatu ni JavaScript, nayo hueleza kitu kinafanya nini kikiguswa. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kule Uswisi, alitoa wazo la mtandao huu wa kurasa mwaka 1989, na mwaka 1993 CERN ikaruhusu dunia nzima iutumie bila malipo. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS. Mwaka 1995 Brendan Eich alitunga JavaScript ya kwanza kwa muda wa siku kumi. Nayataja majina haya ili vijana wajue kwamba vitu hivi havikushuka kutoka mbinguni. Vilitungwa na watu, waliokaa mezani kama mnavyokaa ninyi darasani.

Lakini kama mnataka mfano wa nyumbani, usiohitaji kwenda Uswisi, tazameni kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina chini. Kila mtengenezaji anaufuata mpango huo, na bado hakuna mtu anayesema kwamba kanga zote ni sawa. Mama anayenunua kanga Mtaa wa Uhuru hutazama rangi kwa mbali, lakini akiishika mkononi husoma jina, na jina ndilo humfanya atoe fedha au airudishe mezani. Ukurasa wa tovuti nao una pindo lake, mji wake na jina lake. Mtengenezaji asiyefahamu ni lipi katika hayo lililomleta msomaji, atapamba pindo mwaka mzima na jina halitasomeka.

TULIKOTOKA

Ndugu Mwenyekiti, nchi yetu na kompyuta wana historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Wako wanaoicheka hatua ile. Mimi siicheki sana. Nchi changa ilikuwa imetoa fedha za kigeni kununua mashine ambayo wananchi wake wachache mno waliweza kuiendesha. Funzo lililobaki, nalo lingali hai mpaka leo, ni kwamba mashine isiyolingana na watu wanaoitumia ni mzigo, hata ikiwa ni mashine bora kuliko zote.

Sisi tuliomaliza hapa miaka ya 1990 tuliiona intaneti kwanza katika vibanda vya mjini, Posta na Kariakoo, ambako tulilipa kwa nusu saa na kuukodolea macho ukurasa ukishuka mstari kwa mstari. Jina la nchi yetu mtandaoni, yaani ile .tz inayokuja mwisho wa anwani, lilikuwapo tangu mwaka 1995, lakini tovuti zenyewe zilihesabika. Mwezi Julai 1999 au 2001 ungesubiri ukurasa mpaka chai ipoe. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umefika Dar es Salaam, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka 2012 ikaanzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Siku hizi ofisi nyingi za umma zina tovuti zenye anwani ya .go.tz, na huduma nyingi zilizokuwa zikitolewa dirishani zinaanzia simuni.

Hapa kwetu Ilala tuna mfano mmoja ambao wanafunzi wangeweza kuufanyia zoezi. Tarehe 24 Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya wakati ule ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Kwa mtu wa kawaida ni habari ya siku moja gazetini. Kwa fundi wa tovuti, jina la ofisi likibadilika, hubadilika anwani, nembo, vichwa vya fomu na barua pepe za watumishi. Na anwani ya zamani je? Imeshaandikwa katika matangazo ya ukutani, katika barua zilizo mikononi mwa watu, katika vitabu vya risiti. Fundi mwenye busara huiacha anwani ya zamani iendelee kumpeleka mtu kwenye ile mpya, kama vile mwenye duka aliyehama anavyoacha kibao: "Tumehamia mtaa wa pili." Bila kibao hicho, mteja husimama mbele ya mlango uliofungwa na kudhani duka limekufa.

MTU MWENYEWE NI NANI?

Swali kubwa katika kazi yangu ni hili: huyu atakayeufungua ukurasa ni nani, na yuko wapi?

Wanaoanza kazi hii hujipima wenyewe. Wanakaa ofisini penye kiyoyozi, kompyuta ina kioo kikubwa, waya wa intaneti ni wa ofisi na halipi mtu. Ukurasa unafunguka kama umeme, wanapongezana. Lakini mtu wetu hayuko ofisini. Mtu wetu amesimama Mtaa wa Msimbazi saa saba mchana, jua liko utosini, mkono mmoja umeshika mfuko wa nailoni, mkono wa pili umeshika simu yenye ufa wa kioo kutoka pembe hadi pembe. Bando alilonunua asubuhi limebaki kidogo. Anatumia kidole gumba kimoja. Huyo ndiye bosi wangu.

Kwa ajili yake nafanya hesabu ambazo Mwalimu wetu wa Hisabati angezifurahia. Picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri huweza kuwa na uzito wa MB 4. Ofisi ikiweka picha tano za namna hiyo zinazopishana juu ya ukurasa, zimeshafika MB 20. Mwenye bando la MB 100 akifungua ukurasa huo mara tano, bando limekwisha, na bado hajasoma anachotafuta. Picha ile ile ikipunguzwa vizuri huweza kushuka hadi KB 100, na jicho la mtu aliyesimama juani halitaona tofauti yoyote. Kuipunguza ni kazi ya dakika moja. Asiyeipunguza anamtoza mwananchi kodi ambayo haikupitishwa na Bunge.

Ndiyo maana mimi nazisifu kurasa za matokeo ya Baraza la Mitihani. Kwa miaka mingi matokeo yametolewa katika kurasa nyepesi: orodha ya shule, unagusa jina la shule, unapata jedwali la namba na alama. Mafundi wengine huzicheka kwa kukosa mapambo. Lakini siku ya matokeo nchi nzima hubisha hodi kwa saa ile ile, kutoka Kigoma hadi Mtwara, na kila mzazi anataka mstari mmoja tu. Ukurasa mwepesi ndio unaobeba umati. Mapambo siku ile yangekuwa kama kuweka makochi mlangoni pa soko.

Na kwa kuwa nimetaja soko: vijana wengi hupita pale Soko Kuu la Kariakoo bila kujua kwamba lilisanifiwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, na kwamba Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021, na tulioona moshi ule hatutausahau. Mimi nilipoanza kazi nilijifunza mengi kwa kulitazama jengo lile na paa lake la maumbo ya miavuli kuliko nilivyojifunza katika vitabu vingine. Msanifu wa soko hana budi kumfikiria mtu aliyebeba tenga kichwani na asiyeona miguu yake. Ngazi iko wapi? Mwanga unaingia wapi? Anayetaka kwenda shimoni anajuaje pa kushukia? Hayo hayo ndiyo maswali ya ukurasa.

FOMU INAYOKATAA JINA LA MTU

Sasa niseme jambo linaloumiza.

Nimewahi kukuta fomu ya mtandaoni ambayo iliagizwa ikubali herufi A mpaka Z peke yake katika nafasi ya jina. Aliyeiandika aliona amefanya jambo la usalama. Akaja ndugu mmoja, Msukuma, jina lake lina ng' yenye ritifaa, kama yalivyo majina mengi ya kwetu. Fomu ikamjibu kwa wino mwekundu na kwa Kiingereza kwamba jina lake si halali. Fikirini: mtu mzima, jina alipewa na babu yake, anaambiwa na ofisi ya nchi yake kwamba jina lake si halali! Akiliandika bila ritifaa, fomu inapokea, lakini sasa jina halilingani na cheti, na mwezi mmoja baadaye anaambiwa alete kiapo cha mahakama. Yote hayo kwa kosa la mstari mmoja wa maandishi nyuma ya kioo.

Hali kadhalika namba ya Kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na kwenye kadi imegawanywa kwa vistari ili isomeke. Mwananchi anainakili kama alivyoiona, na vistari vyake. Fomu nyingine humkatalia na kumwambia "namba siyo sahihi." Namba ni sahihi kabisa! Ni kazi ya mashine kuviondoa vistari hivyo yenyewe. Mashine haichoki, mtu anachoka.

Na mtu akichoka anakwenda wapi? Anakwenda steshenari. Ninyi mnazijua: chumba kidogo, mashine ya kutoa nakala, kompyuta moja, kijana mmoja mwepesi wa vidole. Kijana yule anajaza fomu ya ajira, ya mkopo wa chuo, ya leseni, ya kila kitu. Sisemi vibaya juu ya steshenari. Wanafanya kazi ambayo sisi wa ofisini tumeshindwa kuirahisisha. Lakini sikilizeni yaliyompata kijana mmoja aliyesoma katika shule hii, ambaye sitamtaja jina, naye ameniruhusu niseme.

Kijana huyu alimaliza chuo na kuomba kazi katika taasisi moja. Fomu ilitaka barua pepe. Yeye hakuwa na barua pepe, kwa hiyo yule wa steshenari akamfungulia, akaweka neno la siri analolijua yeye mwenyewe, na penye nafasi ya simu akaandika namba ya duka ili mambo yaende haraka. Kijana akalipa, akapewa karatasi, akaenda nyumbani kusubiri. Wiki zikapita. Wito wa usaili ulikuja katika barua pepe ile. Kijana wa steshenari alikuwa ameshahamia duka jingine, na hakuna aliyeusoma. Alipokuja kuupata, siku ya usaili ilikuwa imepita kwa siku tisa. Leo anahesabu marobota katika stoo ya mjomba wake. Ni kazi ya halali na anaifanya vizuri, lakini siyo aliyoisomea, na kila nikikutana naye huniuliza kwa upole kama nafasi zile zitatangazwa tena.

Kwa kitabu, makosa ni yake: angefungua barua pepe yake mwenyewe. Kwa kazi yangu, jibu hilo halitoshi. Fomu ile ingeweza kutuma tarakimu chache kwenye simu ya mwombaji na kumtaka aziandike kabla ya kuendelea, ili ijulikane kwamba namba ni yake kweli. Ingeweza kumwandikia mwishoni, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: "Wito utatumwa kwenye anwani hii. Je, wewe mwenyewe unaweza kuifungua?" Ni sentensi mbili. Hakuna fedha za kigeni zinazohitajika hapo.

LUGHA YA UKURASA

Hapo nimegusa lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye maelekezo ya Kiswahili. Wakati ule wengi tuliona kama mchezo. Sasa ndipo tunaona kwamba walitangulia, maana kila siku tunavutana kuhusu neno gani liandikwe kwenye kitufe.

Chukueni neno la kuingilia katika akaunti. Kamusi zinasema "nywila," na ni neno zuri. Lakini mama wa Mchikichini ametumia simu kutuma na kupokea fedha kwa miaka mingi, na huko ameambiwa "namba ya siri." Ukimwandikia "nywila" anasita, ukimwandikia "neno la siri" anaendelea. Mimi huandika neno analolijua aliye mbele yangu, na ninawaheshimu wanaotunga istilahi kwa kuwapelekea taarifa ya yale yaliyoeleweka na yasiyoeleweka. Vilevile naepuka "Wasilisha" pale ambapo "Tuma" inatosha. Walimu wetu wa Kiswahili walitufundisha kwamba ufupi si upungufu. Nawaambia leo hadharani: somo lile ndilo linalonipatia mshahara.

ASIYEONA NAYE NI MTEJA

Hatua chache kutoka sokoni ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Watoto hao wanakua, wanakwenda sekondari, vyuoni, makazini. Asiyeona hutumia simu na kompyuta kwa msaada wa programu inayomsomea ukurasa kwa sauti. Iko moja iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana ambao wenyewe hawaoni, nayo hutolewa bure.

Sasa programu hiyo husoma maandishi; haisomi picha ya maandishi kwa uhakika. Ofisi inachapa tangazo, mkubwa anatia sahihi na muhuri, karatasi inapigwa picha, picha inabandikwa kwenye tovuti. Anayeona anasoma. Asiyeona anaambiwa na mashine yake: "Picha." Basi. Nafasi za kazi, tarehe za mitihani, mabadiliko ya ada, yote kwake ni "Picha." Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatutaka tusiwabague, na mtu anaweza kubagua bila chuki yoyote moyoni, kwa uvivu tu wa kutochapa tangazo upya. Na yule anayeona hupata faida pia, kwa sababu maandishi ni mepesi kuliko picha, na bando lake linabaki.

PICHA YA MKUBWA

Mtaniuliza: kama mambo haya ni mepesi, kwa nini hayafanyiki? Jibu ni kwamba sehemu ngumu ya kazi yangu haimo katika kompyuta. Imo katika kikao.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, tulitengeneza ukurasa wa kwanza. Idara kumi na mbili zilileta madai, kila moja ikitaka kuwa juu. Ikatakiwa pia picha kubwa ya mkuu na salamu zake za aya sita. Mimi sikubishana. Niliomba ruhusa ya kukaa siku tatu kwenye dawati la mapokezi na kuandika kila swali lililoulizwa na wananchi. Siku ya nne niliweka orodha mezani. Watu walikuwa wameuliza: nilete nini, ni shilingi ngapi, namba ya malipo napata wapi, itachukua siku ngapi, na je, nikituma mtu atapokelewa? Hakuna hata mmoja aliyeuliza salamu za mkuu. Mkuu mwenyewe, naye ni mtu muungwana, aliisoma orodha mara mbili, akacheka, akasema: "Basi mimi nipelekeni ukurasa wa ndani." Kuanzia hapo kazi ilikwenda mteremko, maana nani tena angedai kukaa juu kuliko mkuu?

Nawaeleza haya ninyi vijana ili mjue kwamba ufundi bila adabu ya kikao haufiki mbali utumishini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walisema wahenga. Tovuti nyingi ni mkakasi, na kinachokosekana ndani ni mtu wa kukaa mapokezi siku tatu na daftari.

KWA WANAOTAKA KUIFANYA

Wengi wenu mtaniuliza pa kuanzia. Anzeni na ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari, bila kunakili. Programu ya kuandikia maandishi ya kawaida inatosha, na kivinjari chochote. Tengenezeni ukurasa wa kitu mnachokijua: ratiba ya ligi ya mabweni, bei za nyanya kwa wiki nne, nauli za daladala. Kisha mpeni mtu mwenye simu duni autumie, nanyi mkae kimya mtazame. Kukaa kimya ndio mtihani. Akikwama, msimwelekeze, andikeni alipokwama, mkarekebishe.

Msidharau masomo yoyote. Hisabati mtaihitaji, Kiingereza mtakihitaji kwa sababu vitabu vingi vya kazi hii vimo katika lugha hiyo, na Kiswahili mtakihitaji kwa sababu watu wenu wamo katika lugha hiyo. Aliyesoma uchoraji ana nafasi. Aliyesoma Uraia ana nafasi.

Kuhusu akili mnemba, ambayo siku hizi huandika ukurasa mzima kwa dakika moja: mimi naitumia, na nawashauri mjifunze kuitumia. Lakini haijasimama Msimbazi saa saba mchana. Isipoambiwa kwamba kuna majina yenye ritifaa, nayo inaweza kuyakataa. Wa kuiambia ni ninyi.

Na kuhusu mshahara, maana naona mkono umeinuliwa kule nyuma: utumishi wa umma haumtajirishi mtu, na kampuni za watu binafsi huwalipa wengine zaidi. Mimi nimebaki kwa sababu ukurasa mmoja wa ofisi ya umma huguswa na watu ambao hawana duka la pili la kwenda. Asiyependezwa na duka la mtu binafsi atahamia la jirani. Asiyeweza kuijaza fomu ya Serikali hana jirani.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, nisiondoke bila kutoa mapendekezo, maana hotuba isiyo na kazi mwishoni ni kelele. Ninayo matatu.

Moja: chama chetu kihakikishe kwamba kila mwanafunzi anayemaliza Kidato cha Nne na cha Sita anaondoka hapa akiwa na barua pepe yake mwenyewe, yenye neno la siri analolijua yeye peke yake, na amefundishwa kuifungua. Ni kazi ya Jumamosi mbili kwa mwaka. Mimi na wenzangu wawili tuko tayari kuja kuifanya, na kompyuta zilizopo zinatosha.

Pili: iundwe kamati ndogo ya wanafunzi ya kujaribu fomu za mtandaoni zinazowahusu vijana, na kuandika barua ya adabu kwa ofisi husika kila wanapokuta mahali panapokwamisha watu. Ofisi hupokea lawama nyingi na taarifa chache. Barua inayosema "katika ukurasa wa tatu, nafasi ya jina inakataa ritifaa" ni zawadi.

Tatu: ukurasa wa shule yetu utengenezwe na wanafunzi wenyewe chini ya mwalimu mmoja, uwe mwepesi, uwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na matangazo yake yachapwe kama maandishi. Mwanzoni utakuwa na makosa. Hatutajali. Tutakuwa tunafundisha.

Wenye simu zilizopasuka vioo, tafadhali msiniletee. Mafundi hodari wako Kariakoo, nitawaelekeza. Wenye daftari na kalamu, wanaotaka kuanza kazi hii, nitakuwa chini ya mwembe mpaka magari yatakapoondoka.